Ishirini kwa ishirini za nini? Dhana potofu kuhusu kuhamia mfumo wa metriki

Nilipokuwa nanunua kiwanja changu cha kwanza, dalali aliniambia ni ishirini kwa ishirini. Nikaridhika, maana mtaani kila mtu anasema hivyo hivyo na hakuna anayeuliza ishirini za nini. Mwenye eneo akapima mbele yangu kwa miguu, anahesabu kwa sauti, huku mwanawe akichomeka vijiti kwenye kona. Tukaandikishana, nikalipa.

Siku fundi alipokuja kuchora msingi alifungua futi kamba. Upande wa mbele: mita 17. Ubavuni: mita 17 na sentimita 20. Kichwani mwangu nilikuwa nimenunua mita za mraba 400. Chini palikuwa na 292. Zaidi ya robo ya kiwanja haikuwepo, na sikuwa na pa kushtaki, kwa sababu muuzaji hakusema uongo. Hatua zake zilikuwa ishirini kweli.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kama kuna haja ya nchi kuhangaika na metriki, yaani mfumo wa mita, kilo na lita, jibu langu ni ndiyo, na tena iende mpaka mwisho. Ila nimegundua kwamba tunaoitaka na wasioitaka, wote tumebeba mambo mengi ambayo si kweli.

"Sisi tulishahama zamani"

Hii ndiyo dhana iliyoniponza. Kwenye karatasi ni kweli. Tanzania ina Sheria ya Vipimo ya mwaka 1982, na tangu 2002 tuna Wakala wa Vipimo wanaokagua mizani na pampu za mafuta. Petroli tunanunua kwa lita, sukari kwa kilo, safari tunahesabu kwa kilomita.

Sasa ingia duka la vifaa vya ujenzi. Misumari ya inchi nne. Mbao mbili kwa nne. Bati la futi kumi. Hata hicho kifaa kilichoniumbua, chenye sentimita kwenye utepe wake wote, bado tunakiita futi. Na bomba la "nusu inchi" ndilo linanishangaza zaidi: chukua lile la chuma, lipime kwa nje, utapata kama milimita 21, wakati nusu inchi ni milimita 12.7. Lile la plastiki linalouzwa kwa jina hilo hilo limeandikwa ubavuni milimita 20. Kwa hiyo "nusu inchi" imebaki kuwa jina tu, kama mtu anayeitwa Mrefu. Fundi mzoefu analijua hilo. Anayejenga kwa mara ya kwanza anarudi dukani mara mbili, na nauli ni yake.

Shambani ni zaidi. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, sawa na eneo la mraba lenye upande wa karibu mita 64. Wengi vijijini tunaipima kwa hatua 70 kwa 70. Mtu wa hatua ndefu, sentimita 95, atakupimia mita za mraba 4,422. Wa hatua fupi, sentimita 75, atakupimia 2,756. Wote wawili wanaita ekari. Halafu ushauri wa mbolea unatolewa kwa ekari, mbegu kwa ekari, trekta linalipwa kwa ekari, na mwisho wa msimu jirani anakuambia yeye amepata magunia mengi kuliko wewe kwa ekari. Mmelinganisha nini hapo?

Kenya nako wana yao. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kinauzwa kama "moja ya nane ya eka". Piga hesabu: 50 mara 100 ni futi za mraba 5,000, lakini moja ya nane ya eka ni 5,445. Tofauti hiyo inatosha kibanda cha kuku na bustani ya sukuma wiki.

"Debe ni debe"

Debe la zamani lilikuwa mkebe wa mafuta ya taa wa galoni nne za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo. Siku hizi wengi wanapimia ndoo ya plastiki ya lita 20, na jina halijabadilika. Mkulima anayeuza mahindi kwa ndoo ya lita 20 kwa bei ya debe, kila akifikisha madebe kumi ametoa la kumi na moja bure. Na hapo sijazungumzia kichuguu kinachopandishwa juu ya ndoo hadi punje zianze kumwagika.

Wapo wanaoitetea lumbesa kwamba ndiyo inayomleta mteja: gunia linajazwa, linaongezewa kilemba cha wavu na kamba, mkulima wa viazi anaondokewa na mzigo wake na mnunuzi anafurahi. Kanuni za vipimo zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na lumbesa inapita hapo bila kificho. Bei inabaki ya gunia moja. Kule sokoni viazi hivyo hivyo haviuzwi tena kwa lumbesa. Vinagawanywa kwa sado, lile kopo la rangi la lita nne, au kwa mafungu, na kila fungu lina bei yake. Kile kilemba alichotoa mkulima bure kinauzwa.

Watu husema mkulima wa kawaida hawezi mambo ya mizani. Nendeni Mtwara na Lindi wakati wa mnada wa korosho. Bei inatangazwa kwa kilo, mkulima anajua kilo zake, na akipunjwa analalamika kwa kilo. Pamba hupimwa kwa kilo, kahawa vilevile. Mkulima ni huyu huyu wa Tanzania. Tofauti ni kwamba mazao hayo yanakwenda kwa mnunuzi wa nje asiyekubali neno "gunia", wakati viazi, vitunguu na mahindi tunauziana wenyewe kwa wenyewe. Mizani imefika pale tajiri alipoihitaji. Hili linaniuma kuliko kiwanja changu.

"Marekani haijahama, na mbona imeendelea?"

Hoja hii haikosekani. Kwanza, Marekani ilikuwa miongoni mwa nchi 17 zilizotia saini Mkataba wa Mita mjini Paris mwaka 1875. Mwaka 1893 serikali yake iliamua kwamba yadi na ratili (paundi) zake zipimwe kwa kutumia mita na kilo kama msingi. Mwaka 1959, pamoja na Uingereza na nchi nyingine zinazozungumza Kiingereza, ikakubali kwamba yadi ni mita 0.9144 kamili na ratili ni kilo 0.45359237 kamili. Mmarekani anapopima inchi moja leo, kisheria anapima milimita 25.4. Metriki iko chini ya kila kitu chake, imefunikwa tu.

Pili, maeneo yasiyovumilia makosa yameshahama. Dawa za hospitali zinapimwa kwa miligramu na mililita. Jeshi lake linahesabu umbali kwa kilomita na risasi kwa milimita. Viwanda vya magari vinafunga boliti za milimita. Mvinyo unauzwa kwa chupa za mililita 750 na soda kwa lita mbili.

Kilichobaki ni barabara, jiko, ujenzi na hali ya hewa, na kilibaki kwa uamuzi wa kisiasa. Sheria ya kuhama ilitiwa saini na Rais Gerald Ford mwishoni mwa 1975, lakini ikaacha kila mtu ahame kwa hiari na bila tarehe ya mwisho. Bodi iliyoundwa kusimamia kazi hiyo ilivunjwa mwaka 1982. Ukimwambia mtu ahame akipenda, na jirani yake naye akipenda, wa kwanza kuhama ndiye anayeumia peke yake, basi wote wanabaki pale pale.

Kubaki huko kuna gharama. Septemba 1999 shirika la NASA lilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter. Programu moja iliyoandikwa na mkandarasi ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya ratili, na timu iliyokiongoza ikazisoma kama nyutoni, kipimo cha nguvu cha metriki. Namba zilitofautiana zaidi ya mara nne. Chombo kiliikaribia Mars chini mno kuliko ilivyopangwa, na hakikupatikana tena. Wahandisi wenye elimu ya juu kabisa waliponzwa na kitu kile kile kilichoniponza mimi na dalali: namba bila kipimo.

Kwa hiyo Marekani imeendelea ikiwa imebeba mzigo huu, kwa sababu ina fedha za kuubeba. Nchi maskini isiige ugonjwa wa tajiri.

"Kuhama kwenyewe ndiko hatari"

Hapa kuna ukweli, na sitaupitia pembeni. Julai 1983 ndege ya Air Canada, Boeing 767, iliishiwa mafuta ikiwa angani. Kanada ilikuwa katikati ya kuhama. Ndege hiyo mpya ilihesabu mafuta kwa kilo, geji zake zilikuwa mbovu, na waliopiga hesabu kwa mkono walitumia kizidisho cha ratili kwa lita walipotakiwa kutumia cha kilo kwa lita. Ikaruka na chini ya nusu ya mafuta iliyohitaji. Rubani Bob Pearson aliishusha bila injini hata moja kwenye uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, na hakuna aliyekufa.

Tazama hatari ilipokuwa. Ratili peke yake isingeiangusha ndege ile, wala kilo peke yake. Palipokuwa na vyote viwili ndipo hesabu ilipopotea. Nchi ikae muda mfupi iwezekanavyo katika hali hiyo. Ireland ilibadilisha vibao vya mwendo kasi kutoka maili kwenda kilomita tarehe 20 Januari 2005, nchi nzima kwa pamoja, na watu wakaendelea na maisha. Uingereza ilianza rasmi kuhama mwaka 1965, na barabara zake bado ni maili hadi leo.

"Metriki ni sahihi zaidi"

Hili tunalisema sisi tunaoitetea, na si kweli. Inchi ni kipimo sahihi kabisa, kama nilivyoonyesha hapo juu. Faida ya metriki ni kwamba inakwenda kwa kumi, kama pesa, na kwamba mtu wa Kigoma, wa Bujumbura na wa Guangzhou wanaelewana bila kukokotoa. Mwambie fundi agawe futi 7 na inchi 5 na robo mara tatu. Halafu mwambie agawe sentimita 227. Mtazame uso.

"Ni mambo ya Wazungu, yatafuta vipimo vya babu zetu"

Inchi na futi nazo hazikutoka Kilwa; zililetwa na Waingereza. Kabla yao Wajerumani walishaleta metriki: reli ya kati waliyoianza Dar es Salaam mwaka 1905 ina upana wa mita moja kamili. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ikajengwa kwa futi tatu na nusu, yaani milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, isiyofika urefu wa kidole, lakini behewa la reli moja haliwezi kupita kwenye nyingine. Pale Kidatu zinapokutana, mzigo unashushwa na kupakiwa upya. Na SGR, reli yetu mpya ya kisasa, yenye upana wa milimita 1,435, ni futi nne na inchi nane na nusu za Uingereza.

Vipimo vya babu zetu ni shibiri, dhiraa, pima, kibaba, pishi. Hivyo havijafa. Kila Ramadhani inapoisha watu wanatoa pishi ya zaka ya fitri, vibaba vinne, na msikitini wanatangaziwa kwamba ni takriban kilo mbili na nusu za mchele. Pishi imekaa salama kabisa ndani ya kilo, kwa sababu kuna aliyechukua taabu ya kutaja ni kilo ngapi.

Mdogo wangu naye alipotaka kununua kiwanja, nilikwenda naye, na begani nilikuwa na futi kamba ya mita 50. Muuzaji akasema ni ishirini kwa ishirini. Nikamuuliza, "Ishirini za nini, mzee wangu?" Alifikiri kidogo, akajibu bila kinyongo, "Za miguu." Nikampa ncha ya utepe ashike kwenye kona ya mwembe, tukaanza kupima upya, na kwenye karatasi ya mauziano mdogo wangu akaandika mita.