Anajua saa, hajui muda

Nilikuwa katika shule moja ya Igogo, hapa jijini Mwanza, kuangalia mazoezi ya ualimu ya wanafunzi wangu wa chuo. Nikamwuliza mtoto wa darasa la tatu saa ngapi. Akatazama saa ya ukutani, akajibu bila kusita: "Saa nne na dakika ishirini." Sawasawa kabisa. Nikaongeza: "Na kutoka hapa hadi kwenu kwa miguu ni muda gani?" Akafikiri. "Masaa mawili." Kwao kunaonekana kutoka dirishani, nyumba ya bati jekundu pale juu kwenye mawe.

Mtoto huyu si mzito. Amefundishwa kusoma mishale, hajafundishwa kupima urefu wa muda, na haya ni masomo mawili. La kwanza ni la macho. La pili linataka mtoto asubiri, akisie, akosee, kisha apime.

Kiswahili chenyewe kina mtego hapa. Chukua sentensi hii: "Meli ya Ukerewe inaondoka saa tatu, na safari ni saa tatu." Mtu mzima haimsumbui. Mtoto anasikia neno moja mara mbili, na anaweza kuamini meli inafika Nansio, bandari ya Ukerewe, papo hapo inapong'oa nanga Mwanza. Ndiyo maana wengi mtaani husema "masaa matatu" wakitaja muda, ingawa wasanifu wa lugha hawapendi. Mimi simkatazi mtoto. Ila mwalimu wa madarasa ya chini namshauri aseme "muda wa saa tatu" kila mara, asichoke.

Kabla ya dakika na sekunde, anza na kulinganisha. Wasimamishe watoto wawili kwenye mstari mmoja. Filimbi ya kwanza wanaanza pamoja, mmoja anakimbia, mwingine anatembea. Filimbi ya pili wote wanasimama papo hapo. Uliza darasa: nani ametumia muda mrefu zaidi? Wadogo wengi watasema aliyekimbia, kwa kuwa yuko mbali. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, aliliona jambo hilo kwa vitu viwili alivyovitembeza mezani mbele ya watoto: kilichofika mbali kilidhaniwa kimetembea kwa muda mrefu, hata kama vimeanza na kusimama pamoja. Usibishane nao. Rudia mchezo, safari hii wape wengine kazi ya kusikiliza filimbi tu, wakiwa wamefumba macho.

Huku kwetu mfano mwingine uko barabarani. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi, linalokatiza Ziwa Victoria, kufunguliwa Juni 2025, mtu angeweza kukaa kwenye foleni ya kivuko saa mbili na zaidi. Daraja lina urefu wa kilomita 3 hivi. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa linalimaliza kwa dakika 3. Maji ni yale yale, upana ule ule, muda ndio umebadilika. Mtume mtoto akamwulize bibi yake alikuwa anafanya nini akisubiri kivuko. Atarudi na hadithi ndefu kuliko somo.

Sasa kifaa. Huhitaji kununua kitu. Funga kijiwe kwenye uzi, pima sentimita 25 kutoka unapoushikilia hadi katikati ya kijiwe, kisha kipembee kidogo tu. Kwenda na kurudi mara moja ni sekunde 1, kwa karibu sana. Mara 60 ni dakika. Mtoto mmoja ahesabu, wengine wafumbe macho na kunyoosha mkono wanapodhani dakika imetimia. Darasani kwangu mikono huanza kupanda mapema mno, na hata wanachuo watu wazima wamo. Andikeni ubaoni safu mbili, kisio na kipimo, na mrudie kesho. Kisha hamieni kwenye mambo ya nyumbani: uji hadi uchemke, ndoo hadi ijae bombani.

Tahadhari moja kwa wanaotumia kivuli. Watoto huambiwa kivuli huwa kifupi kabisa saa sita mchana. Mwanza iko magharibi ya nchi, na saa tunayofuata ni moja na ya Dar es Salaam, ambako jua huwahi kufika utosini kwa dakika kama 25 kuliko huku. Kwetu kivuli kifupi huja kati ya saa sita na nusu na saa saba, kutegemea mwezi. Mtoto akipima akapata tofauti na alivyoambiwa, msimfutie jibu.

Wazazi nao wana sehemu yao. "Nakuja sasa hivi," halafu mama anarudi jioni. "Dakika mbili tunaondoka," anasema konda, na daladala haijajaa hata nusu. Mtoto anayesikia hayo kila siku atajuaje dakika mbili ni kitu gani? Ukimwambia dakika tano, ziwe tano.

Wiki tatu baadaye nilirudi Igogo, nikamwuliza yule kijana swali lile lile la nyumbani kwao. Hakujibu. Alinitazama kwanza, kama mtu anayedaiwa maelezo zaidi.

"Kupanda au kushuka, mwalimu?"