Barbara Stanwyck na teki ya kwanza

Kazi yangu ni kuhariri filamu. Mchana kutwa nakaa mbele ya teki za tukio lile lile, yaani kila mara tukio lilipopigwa picha upya, wakati mwingine kumi na zaidi, nikitafuta ile moja ambayo mwigizaji ameingia kweli. Waigizaji wengi huchemka taratibu kama maji ya chai: teki ya kwanza vuguvugu, ya nne ndiyo inaanza kutoa mvuke. Wachache ni kinyume. Hao humwaga vyote mara ya kwanza, na ukiwaambia warudie unavuna makapi. Nikiwafundisha vijana wanaoanza uhariri, mfano ninaowapa wa kundi hili la pili ni Barbara Stanwyck, mwanamke wa Brooklyn aliyeingia Hollywood filamu zilipoanza kusema, akafanya kazi karibu miaka sitini.

Aliyeligundua hilo ni mwongozaji Frank Capra, walipokuwa wakitengeneza Ladies of Leisure, iliyotoka 1930. Mwanzoni Capra hakumtaka kabisa. Stanwyck alikuwa ameshacheza filamu chache ambazo hazikumjengea jina, akaja kwenye usaili moyo umekata, mazungumzo yakaharibika, akaondoka. Mume wake wa wakati huo, mchekeshaji Frank Fay, akampigia Capra simu na kumsihi atazame kipande cha majaribio alichowahi kurekodiwa. Capra akakitazama, na hapo hapo akageuza msimamo.

Kazi ilipoanza, Capra akaona tatizo. Mazoezi yalikuwa yanamkausha Stanwyck. Alichokitoa mara ya kwanza hakikurudi tena. Basi Capra akawafanyisha mazoezi waigizaji wengine bila yeye, akaenda kuzungumza naye faragha, kisha akaweka kamera zaidi ya moja.

Hapo kwenye kamera panahitaji maelezo kidogo. Desturi ni kupiga picha pana kwanza, watu wote wakiwa ndani ya fremu. Kisha taa zinahamishwa, kamera inasogezwa, na mwigizaji anarudia maneno yale yale ili achukuliwe uso kwa karibu. Kwa mtu kama Stanwyck hiyo ni hasara tupu, kwa sababu kamera ikifika usoni pake machozi ya kweli yameshamwagika kwenye picha pana, mahali ambapo hakuna anayeyaona. Kamera mbili zikipiga kwa wakati mmoja, pana na karibu vinapatikana kwa pumzi ile ile. Mafundi wa taa waliteseka, kwa maana kuwasha taa zifae pande mbili kwa pamoja ni kazi ngumu. Lakini mhariri aliyepokea picha zile alipokea dhahabu.

Uwezo huo aliutoa wapi? Jina lake la kuzaliwa ni Ruby Stevens, aliyezaliwa 16 Julai 1907, mtoto wa mwisho kati ya watano. Alipokuwa na miaka minne mama yake, akiwa mjamzito, alisukumwa na mlevi akaanguka kutoka kwenye tramu, akafariki. Baba akaenda kutafuta kazi kwenye Mfereji wa Panama, wala hakurudi kuwalea. Ruby na kaka yake wakahamishwa kutoka nyumba moja ya walezi hadi nyingine. Shule aliiacha mapema, na kabla ya kufika miaka ishirini alikuwa mnenguaji kwenye maonyesho ya jukwaani New York. Mwaka 1926 akapata nafasi iliyomtoa, katika mchezo wa The Noose, na jina jipya likaunganishwa kutokana na tangazo la zamani la jukwaa.

Wanaoandika habari zake hupenda kusema aliigiza vizuri kwa sababu aliumia utotoni. Mimi siamini hivyo. Walioumia ni wengi na wanaoigiza vizuri ni wachache. Ninaloliamini ni jukwaa. Mnenguaji wa safu ya nyuma hapewi nafasi ya kurudia: muziki ukianza unacheza, ukikosea kesho kuna msichana mwingine mahali pako. Alikuja kwenye kamera na nidhamu hiyo. Alijulikana kwa kufika akiwa ameshika maneno yake yote na ya wenzake pia.

Tazama mwisho wa Stella Dallas (1937). Anacheza mama maskini aliyejiondoa kwenye maisha ya binti yake ili binti aolewe kwenye nyumba ya heshima. Mvua inanyesha, amesimama nje barabarani kati ya watazamaji, anaangalia harusi ya mwanawe kupitia dirishani. Askari anawafukuza. Anamwomba amwache aone tu bwana harusi akimbusu mkewe. Anatafuna kitambaa chake cha mkononi huku machozi yanachuruzika. Kisha anageuka na kutembea kuja kwetu, hatua zikizidi kuwa nyepesi, uso ukifunguka kwa furaha. Nimeshaiona mara nyingi kiasi cha kuweza kusema kila mkato wa picha unapoingia, na bado kile kitambaa kinanishinda.

Kwa filamu hiyo aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, akakosa. Akateuliwa tena kwa Ball of Fire, Double Indemnity na Sorry, Wrong Number. Mara nne, mikono mitupu. Maoni yangu ni kwamba alilipia uhuru wake. Enzi zile nyota alifungwa na studio moja kwa mkataba mrefu, kwa kawaida miaka saba, na studio ilimlisha, ikampangia kazi, ikampigia debe. Stanwyck alikwepa kufungwa hivyo. Mwaka 1941 peke yake alitoa filamu nne, kwa kampuni tofauti: tapeli wa meli za anasa, mwandishi wa gazeti, daktari, na mwimbaji wa klabu anayejificha kwa maprofesa. Pesa aliziona: mwaka 1944 alitajwa kuwa mwanamke anayelipwa zaidi nchini Marekani, dola 400,000 hivi. Ila wakati wa kura za Oscar, hakukuwa na studio iliyomwita wetu.

Double Indemnity (1944) karibu aikatae. Mwanamke anayepanga kumuua mumewe kwa ajili ya bima? Alikuwa hajawahi kucheza muuaji wa waziwazi namna hiyo, akamwambia mwongozaji Billy Wilder kwamba anaogopa. Wilder akamuuliza: wewe ni panya au mwigizaji? Akavaa wigi la rangi ya dhahabu lililoonekana la bei rahisi, kama Wilder alivyotaka, akaingia.

Tukio la mauaji ndilo ninalowaonyesha wanafunzi wangu. Mume amekaa kiti cha mbele, mguu umefungwa plasta, muuaji amejificha nyuma, mke anaendesha. Anapiga honi mara tatu, ndiyo ishara. Mauaji yenyewe hatuyaoni. Kamera inabaki kwenye uso wa Stanwyck, macho yakiwa barabarani, na kwenye uso huo kuna kitu kinatulia, kama mtu aliyemaliza hesabu na ikatoka sawasawa. Mhariri angeweza kukata kwenda kwenye mikono, au kwenye kioo. Hakukata, maana uso ule ulishasema yote.

Oscar aliipata hatimaye mwaka 1982, ile ya heshima. Na hapa msomaji wa Kenya ana sehemu yake. Mwaka 1939, William Holden alipokuwa kijana asiyejulikana kwenye Golden Boy, studio ilitaka kumtimua. Stanwyck alimtetea, akamfundisha kazi usiku baada ya usiku. Ndiye Holden yule yule aliyekuja kuanzisha, pamoja na wenzake, Mount Kenya Safari Club kule Nanyuki mwaka 1959. Miaka yote alitamani kumwona Stanwyck akiishika tuzo hiyo. Alifariki Novemba 1981, miezi michache tu kabla. Stanwyck alipopanda jukwaani akamtaja, akainua sanamu na kumwambia kijana wake wa dhahabu, ndiyo maana ya Golden Boy, kwamba usiku huo matakwa yake yametimia.

Ukipata nafasi, tafuta pia Forty Guns ya 1957. Tukio moja lilitaka mwanamke aburutwe na farasi, mguu umenasa kwenye kikanyagio. Watu wanaocheza matukio ya hatari badala ya nyota walikataa. Stanwyck, akiwa na miaka 49, akalifanya mwenyewe. Mwongozaji, Samuel Fuller, hakuridhika na picha, na yule mama wa teki ya kwanza akakubali kuburutwa tena, na tena.