Wanawake wa Hawaii, farasi na vazi la pāʻū: yanayosemwa na yaliyo kweli

Inasemwa: zamani mwanamke aliyevaa sketi alipanda farasi kwa kukaa upande.

Huko Uingereza, sawa. Hata Malkia Elizabeth II alikaa hivyo kwenye gwaride la kuzaliwa kwake hadi 1986, miguu yote upande mmoja, kama mama aliyepakiwa kwenye bodaboda. Lakini wanawake wa Hawaii wa karne ya 19 walikaa mguu huku, mguu huku, na sketi zao ndefu, yaani pāʻū, zikipepea pande zote mbili. Isabella Bird, msafiri Mwingereza aliyesumbuliwa na mgongo, aliwakuta hivyo mwaka 1873. Mwanzoni hakuipenda namna hiyo ya kukaa. Aliikubali kwa sababu alitaka sana kuiona volkano ya Kilauea. Mgongo ukapata nafuu, na baadaye mwaka huohuo akapanda vivyo hivyo kwenye Milima ya Rocky kule Marekani. Ila alipokaribia mji wa Denver aligeuka na kukaa upande, asije akasemwa!

Inasemwa: pāʻū ni gauni lililoshonwa.

Pāʻū ya kupandia farasi ni kitambaa kirefu tu, mara nyingi yadi 12 hivi, karibu mita 11. Hakina vifungo, zipu wala pini. Mpandaji anasimama, mwenzake anamzungushia na kumkunjia, kisha kokwa za mti wa kukui zinawekwa ndani ya kitambaa, kinasokotwa juu yake na kuchomekwa kiunoni. Kokwa ndizo zinazokizuia kisiteleze. Ikifungwa vibaya, itafumuka barabarani mbele ya watu, kwa hiyo kazi hii hupewa mikono iliyozoea.

Inasemwa: ni pambo la sherehe tu.

Leo, ndiyo, utaiona zaidi kwenye maandamano kama yale ya Siku ya Mfalme Kamehameha, mwezi Juni. Zamani ilikuwa na kazi: mwanamke aliyealikwa karamuni aliifunga juu ya nguo zake nzuri ili vumbi na matope yaishie kwenye pāʻū, akifika anaivua.

Wengine huiita desturi ya kale kabisa. Sketi yenyewe ni ya kale, ilipokuwa ikitengenezwa kwa magome ya mti yaliyopondwa. Farasi ni mgeni: wa kwanza walishushwa visiwani mwaka 1803.

Na lile la kwamba rangi huchaguliwa kwa kupendeza tu? Kwenye maandamano kila kisiwa kina mpandaji anayekiwakilisha, aitwaye binti mfalme, na rangi yake imepangwa. Kisiwa cha Hawaii ni nyekundu, kwa ua la lehua; Maui ni waridi; Molokaʻi ni kijani. Anayewakilisha Niʻihau huvaa nyeupe, na shada lake si la maua, bali la makombe madogo ya baharini.