Mwaka 1582 na siku kumi zilizorukwa: kalenda ya Gregori ni nini?

Pekua kumbukumbu zote za mji wa Roma utafute jambo lililotokea tarehe 10 Oktoba 1582. Hutalipata, kwa kuwa tarehe hiyo haikuwapo. Watu walilala Alhamisi tarehe 4, wakaamka Ijumaa tarehe 15. Ndivyo ilivyoamriwa na Papa Gregori XIII, na amri hiyo ilifuatwa mwezi uleule Hispania, Ureno, Poland na sehemu kubwa ya Italia. Kalenda iliyoanza Ijumaa ile ndiyo hii tunayoitumia ofisini na shuleni, ambayo wengi huiita ya Miladia. Kwa jina la mwanzilishi wake inaitwa kalenda ya Gregori.

Kabla yake ilitumika kalenda ya Juliasi Kaisari, iliyoanza mwaka 45 kabla ya Kristo. Yeye aliuhesabu mwaka kuwa siku 365 na robo. Robo nne ni siku moja, kwa hiyo kila mwaka wa nne Februari ikaongezewa siku, tukapata mwaka mrefu. Hesabu ilikuwa nyepesi kukumbuka, ila ilizidi mwendo wa jua kwa dakika 11 hivi kila mwaka. Dakika 11 hazimshtui mtu. Lakini ziache zilimbikizane miaka 128, zitatimia siku nzima, na Ulaya ilikuwa imeziacha zilimbikizane zaidi ya miaka 1,600.

Kilicholisukuma Kanisa kuchukua hatua ni Pasaka. Sikukuu hiyo huangukia Jumapili baada ya mwezi mpevu unaofuata ile siku ya Machi ambayo usiku na mchana hulingana, na kwa hesabu ya Kanisa siku hiyo ni tarehe 21 Machi. Enzi za Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, jua na karatasi vilikuwa vinapatana. Kufikia karne ya 16, usiku na mchana vililingana tarehe 11, huku karatasi bado inasema 21. Pasaka ilikuwa inasogezwa polepole nje ya majira yake.

Dawa ilitoka kwa tabibu mmoja wa Calabria, kusini mwa Italia, Luigi Lilio. Alifariki mwaka 1576 bila kuyaona matunda ya kazi yake; ndugu yake Antonio ndiye aliyeiwasilisha Roma, na Mjesuiti Christopher Clavius akaichambua na kuitetea kwa miaka mingi. Kanuni yenyewe ni fupi: mwaka unaoishia na sifuri mbili usiwe mrefu, isipokuwa ukigawanyika kwa 400. Ndiyo maana 1600 na 2000 ilikuwa mirefu, lakini 1700, 1800 na 1900 haikuwa, na 2100 haitakuwa. Katika kila miaka 400 zinapungua siku tatu, basi.

Kanuni hiyo ilirekebisha mbele. Kosa la nyuma lilibaki, na hilo ndilo lililokatwa kwa siku kumi. Wanaouliza mbona kumi tu, wakati tangu Kaisari zilikuwa zimezidi hapo, wana haki ya kuuliza. Jibu ni kwamba Papa hakuwa na shida na Kaisari. Alitaka kurudi Nisea.

Hati ya amri ina kituko chake. Tuna uhakika ni ya tarehe 24 Februari 1582, ila yenyewe imeandikwa 1581, kwa sababu aliyeiandika alihesabu mwaka mpya kuanzia tarehe 25 Machi. Hata hivyo haikusahau mambo ya mfukoni: mahakimu waliagizwa kuwaongezea wadaiwa siku kumi katika malipo ya mwezi au ya mwaka, mtu asibanwe kwa kodi ya siku ambazo hakuziishi.

Na kweli hakuna siku iliyopotea. Kilichorukwa ni namba. Juma lilikwenda mwendo wake, Alhamisi kisha Ijumaa, na jua lilichomoza kama kawaida. Kwa Waislamu wa Lamu, Mombasa na Kilwa, usiku ule ulikuwa katikati ya Ramadhani ya mwaka 990 Hijria. Aliyekuwa amefunga hakupunguziwa hata siku moja, maana mwezi wa angani haukuwa na habari na Roma.

Teresa wa Ávila, mtawa wa Hispania aliyeanzisha nyumba nyingi za Wakarmeli, alifariki Alba de Tormes usiku huohuo wa tarehe 4. Alizikwa kesho yake, na kesho yake ilikuwa tarehe 15. Ukisoma tarehe hizo bila kujua habari ya kalenda utadhani maiti ililala siku kumi na moja bila kuzikwa. Kanisa Katoliki humkumbuka tarehe 15 Oktoba hadi leo.

Wengine waliotikisa mwaka ule hawakuguswa. Mwezi Juni, huko Kyoto, mbabe wa vita Oda Nobunaga alisalitiwa na jemadari wake Akechi Mitsuhide akiwa katika hekalu la Honnō-ji, akajiua. Miongoni mwa watu wake alikuwamo Mwafrika aliyeitwa Yasuke, anayedhaniwa kuwa mtu wa Msumbiji. Alikuwa amefika Japani na Mjesuiti Alessandro Valignano, akaingia katika utumishi wa Nobunaga mwaka 1581. Siku ya usaliti alipigana, akakamatwa, akapelekwa kwa Wajesuiti, na baada ya hapo maandishi hayamtaji tena. Wajapani walikuwa na kalenda yao ya mwezi. Kwao ilikuwa siku ya pili ya mwezi wa sita. Mwezi Agosti Matteo Ricci, aliyesomeshwa hesabu na huyo Clavius kule Roma, alitia mguu Macau, akielekea China ambako elimu ya nyota ingemfungulia milango mingi.

Uingereza ya Kiprotestanti haikutaka kupangiwa siku na Papa. Hati ya dhamana ya ndoa ya William Shakespeare, kijana wa miaka 18, na Anne Hathaway ina tarehe 28 Novemba 1582. Siku hiyohiyo Roma walikuwa tarehe 8 Desemba. Waingereza walikaza shingo hadi 1752, walipotoka tarehe 2 Septemba wakaingia tarehe 14. Urusi ilingoja hadi 1918, na ndiyo sababu Mapinduzi ya Oktoba yalisherehekewa kila Novemba.

Kwa hiyo unapokuta katika kitabu tarehe ya Ulaya kati ya 1582 na mwanzo wa karne ya 20, uliza kwanza ni ya kalenda gani. Tofauti ilikuwa siku 10 hadi Februari 1700, kisha 11, kisha 12 kuanzia 1800, na 13 tangu 1900, kwa kuwa miaka hiyo ilikuwa mirefu kwa Juliasi na mifupi kwa Gregori. Shakespeare na Cervantes, mwandishi wa Hispania, wanaosifiwa sana kwamba walikufa siku moja mwaka 1616, walipishana siku kumi na zaidi.

Kalenda ya Juliasi yenyewe haijafa. Warusi wa Kiorthodoksi hufuata hesabu yake wanapoadhimisha Krismasi tarehe 7 Januari, ambayo kwao ni 25 Desemba. Ikifika 2100 wao wataweka tarehe 29 Februari, sisi hatutaweka, na kuanzia 2101 Krismasi yao itaangukia tarehe 8.