Ala isiyojua kunyamaza

Bati la chuma la urefu wa mita moja, springi mbili nene na upinde wa fidla. Hiyo ndiyo ala niliyokuwa nikijivunia kuliko zote nilizowahi kuunda. Siku ya kwanza kuipandisha jukwaani, wenzangu wawili walinyamaza ghafla, kama wafanyavyo watu wanaosikilizana. Bati langu likaendelea kulia, sekunde nane, tisa, huku nimelilalia kifua kizima ili litulie.

Tangu hapo, kabla sijajiuliza ala italiaje, najiuliza itazimwa na nini: kiganja, goti, kipande cha sponji? Kwenye muziki ulioandikwa, mtunzi anajua mlio utakoma wapi. Kwenye muziki wa papo kwa papo hajui mtu, na ala inayochelewa kunyamaza huwaamulia wengine wote.

Ndiyo maana naihusudu daksofoni, ala aliyoibuni Mjerumani Hans Reichel. Ni ulimi mwembamba wa mbao, umebanwa upande mmoja, unakwaruzwa kwa upinde. Mkono wa pili unaukandamiza kwa kigogo chenye mgongo wa mviringo. Ukikisogeza, sehemu inayotetemeka inarefuka au kufupika, na sauti inashuka au kupanda. Inaguna, inanung'unika, mara inacheka kama mlevi. Na kwa kuwa mbao humeza mtetemo upesi kuliko chuma, ukiinua upinde mambo yamekwisha. Ukitaka tabia nyingine, unachonga ulimi mwingine.

Mtetemo huo mdogo hunaswa na kisahani cha piezo, yaani kinachogeuza mtetemo kuwa umeme, kilichogusana na mbao. Hapa ndipo wengi huharibu. Wanakichomeka moja kwa moja kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, kisha wanalalamika kwamba ala yao inalia kama kopo. Kosa si la ala. Piezo inahitaji mlango wa kuingizia sauti wenye ukinzani mkubwa kwa umeme, megaomu 1 au zaidi. Kwenye mlango wa kiloomu 10, besi yote inapotea njiani. Saketi ndogo kati ya piezo na mikisa, yenye mlango wa ukinzani mkubwa, inamaliza tatizo. Kisahani chenyewe kibandike kwa gundi inayokauka ikawa ngumu, maana gundi laini hula sauti nyembamba.

Bati lile bado ninalo. Nimelifungia kanyagio linaloinua sponji hadi liguse tumbo lake, na sasa linatulia mara moja. Springi moja bado inakaidi. Hiyo nimeiacha.