Je, wajua kwa nini galaksi ni doa la kijivu kwenye darubini, lakini ina mikono na rangi kwenye picha?

Mtu anayechungulia galaksi, yaani mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, kwa darubini kwa mara ya kwanza mara nyingi hunyanyua kichwa na swali moja: mbona haifanani na ile ya kwenye picha? Alitarajia mikono iliyojikunja kuzunguka kitovu cha manjano, na madoadoa ya waridi humo ndani. Anachokiona ni ukungu mdogo wa kijivu, tena unaotoweka kila akiukodolea macho. Kisha anaambiwa kwamba picha ile nzuri ilipigwa na mpenzi wa anga tu, asiye mwanasayansi, akitumia darubini isiyozidi kipenyo cha sentimita 20. Hapo shaka huingia. Basi picha itakuwa imechorwa kwenye kompyuta?

Haikuchorwa. Mikono ipo kweli, na rangi zipo. Jicho na kamera vinaitazama galaksi ileile, ila vinatofautiana katika namna vinavyoutumia muda.

Kwanza tuiondoe dhana inayowapotosha wengi, kwamba kazi ya darubini ni kukuza vitu, na kwamba galaksi hatuzioni kwa sababu ni ndogo mno. Galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5 hivi (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), imetanda angani kwa digrii zipatazo 3. Ungepanga Miezi mipevu sita kwenye mstari ndipo ungeupata upana wake. Galaksi ya M51, iliyo mbali zaidi kwa makumi ya mamilioni ya miaka ya nuru, bado inafikia theluthi moja ya upana wa Mwezi. Kwa hiyo galaksi hizi si ndogo hata kidogo. Kinachotukwamisha ni ufifi wake, kwa kuwa nuru ya nyota zake zote imesambaa juu ya eneo pana, na kila kipande cha eneo hilo kinabaki na nuru haba.

Hapa pana jambo linalonishangaza kila ninapolifikiria. Hakuna darubini, hata ingekuwa na kioo kikubwa kiasi gani, inayoweza kulifanya eneo la galaksi ling'ae machoni kuliko linavyong'aa kwa macho makavu. Darubini hukusanya nuru nyingi zaidi, ndiyo, lakini papo hapo huisambaza juu ya taswira kubwa zaidi, na faida yote inaishia kwenye ukubwa. Hata kusafiri kuelekea Andromeda kusingesaidia. Ungeiona ikipanuka mbele yako, huku mng'ao wa kila kipande ukibaki uleule. Ushahidi tunao juu ya vichwa vyetu: tunaishi ndani kabisa ya galaksi, na bado galaksi yetu hiyo, Njia Nyeupe, ni utepe hafifu unaofutwa na taa chache za barabarani.

Sasa jicho lenyewe. Jicho haliweki akiba ya nuru. Hukusanya kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, huupelekea ubongo habari, kisha huanza upya. Ukitazama galaksi kwa saa nzima, sekunde ya mwisho haitakuonyesha zaidi ya ile uliyoiona baada ya macho kuzoea giza. Isitoshe, gizani tunategemea seli za jicho zenye umbo la fimbo, ambazo huhisi nuru hafifu sana lakini hazitofautishi rangi. Zile zenye umbo la koni, zinazotupa rangi, zinahitaji nuru nyingi kuliko galaksi inavyoweza kutoa. Ndiyo maana ya ule ukungu wa kijivu. Na kwa kuwa sehemu ya katikati ya retina imejaa koni na haina fimbo, galaksi hufifia ukiikazia macho na kurudi ukitazama pembeni yake kidogo.

Sensa ya kamera hufanya kinyume. Ni kipande cha silikoni kilichogawanywa katika mamilioni ya pikseli, na chembe ya nuru, yaani fotoni, ikitua kwenye pikseli hung'oa elektroni moja. Elektroni hiyo hukaa hapo ikisubiri nyingine mpaka shata, yaani kilango cha kamera kinachoingiza nuru, ifungwe. Sensa nzuri za siku hizi hunasa zaidi ya nusu ya fotoni zinazozifikia, wakati jicho linapoteza sehemu kubwa mno ya zile zinazoingia. Picha moja ya dakika 3 ina muda wa kukusanya unaozidi ule wa jicho mara 1,800, hata kabla ya kuhesabu tofauti hiyo ya unasaji.

Historia ya elimu ya nyota inaonyesha vizuri tofauti hii. Mwaka 1845, huko Birr nchini Ireland, William Parsons, Earl wa tatu wa Rosse, aliitazama M51 kwa darubini yenye kioo cha kipenyo cha mita 1.8, kubwa kuliko zote duniani wakati ule, na akawa mtu wa kwanza kutambua na kuchora mikono iliyojikunja. Haikupita miaka 50. Mwaka 1888, Isaac Roberts, mfanyabiashara wa ujenzi kutoka Wales aliyependa nyota, alielekeza darubini ya sentimita 50 hivi kwa Andromeda, akaweka bamba la picha, yaani kioo kilichopakwa kemikali zinazohisi nuru, badala ya jicho, akaacha nuru iingie kwa saa kadhaa. Bamba lilipooshwa, mikono ya Andromeda ilikuwa wazi. Roberts mwenyewe alidhani anaona mfumo kama wa Jua letu ukizaliwa. Ilibidi kusubiri mpaka mwaka 1923, mwanaastronomia Edwin Hubble alipopata humo nyota yenye mng'ao unaobadilika, ndipo ikathibitika kwamba Andromeda iko mbali sana nje ya Njia Nyeupe. Nyota hiyo nayo ilipatikana kwenye bamba la picha.

Kuacha shata wazi kwa dakika kadhaa kunaleta adha yake, kwani Dunia inazunguka. Nyota zilizo karibu na ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya Dunia, husogea digrii 15 kwa saa, yaani upana wa Mwezi mzima kila dakika mbili. Ukiifunga kamera kwenye stendi ya kawaida, baada ya sekunde chache kila nyota inakuwa mchirizi na mikono ya galaksi inachanganyika. Ndiyo maana mpiga picha wa anga mwenye fedha kidogo huambiwa na wenzake azitumie kwenye stendi kabla ya darubini. Anahitaji stendi yenye mota, ambayo mhimili wake umelenga ncha ya anga, yaani nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka, inayogeuka mzunguko mmoja kwa saa 23 na dakika 56 hivi ili kufuta mwendo wa Dunia. Wengi huongeza kamera ndogo ya pili inayokazia nyota moja usiku kucha. Nyota ikihama hata kwa sehemu ya pikseli, kompyuta huiamuru mota ijirekebishe. Nawaunga mkono wanaotoa ushauri huo. Lenzi ya kawaida juu ya stendi imara itakupa Andromeda nzuri, na darubini ya thamani juu ya stendi inayotetereka haitakupa kitu.

Je, kwa nini basi asipige picha moja tu ya saa nne? Kwa sababu upepo mmoja, wingu moja au satelaiti moja ingeharibu kazi yote, na kitovu cha galaksi kingejaa nuru mpaka pikseli zifurike. Hivyo saa nne hugawanywa, tuseme, katika picha 80 za dakika 3, ambazo programu huzilinganisha nyota kwa nyota na kuzijumlisha.

Kujumlisha huko ndiko moyo wa ufundi wote. Fotoni haziji kwa mpangilio; zinadondoka ovyo, wakati mmoja nyingi, wakati mwingine chache, na sensa nayo huongeza usumbufu wake. Kwenye picha moja, mkono hafifu wa galaksi unafichwa na chembechembe hizo. Fikiria kwaya ya watu mia inayoimba wimbo mmoja, huku kila mwimbaji akikohoa kwa wakati wake. Wimbo unakua kwa sauti zote mia kwa sababu wanaimba pamoja, lakini vikohozi havikutani. Kwa hesabu, ukijumlisha picha 100 galaksi inaongezeka mara 100 na usumbufu mara 10 tu, kwa hiyo picha inakuwa safi mara 10. Hesabu hiyohiyo ina upande mchungu: kila ukitaka usafi maradufu, lazima uongeze muda mara nne. Aliyepata picha ya wastani kwa saa 5 atahitaji saa 20, na hizo hupatikana kwa kurudi kwenye galaksi ileile usiku baada ya usiku.

Kabla ya kujumlisha, picha husafishwa. Mpiga picha huchukua picha za giza akiwa amefunika lenzi, ili kuondoa usumbufu unaotokana na joto la sensa, na nyingine za uso mweupe uliomulikwa sawasawa, ili kuondoa vivuli vya vumbi. Ni kazi ya kuchosha, lakini isipofanyika huonekana.

Matokeo ya yote hayo, faili linapofunguliwa, ni jeusi. Nyota chache, na kitovu kwa mbali. Galaksi imo, ila mikono yake imejibana chini kabisa ya mizani ya mng'ao, kwa kiwango kidogo juu ya weusi wa anga. Hatua inayofuata ni kuuvuta mng'ao huo: viwango vya chini vinapandishwa sana, vya juu vinaachwa karibu vilivyo. Hapa ndipo wenye shaka husema picha inaghushiwa. Sikubaliani nao: mradi uvutaji umefanywa kwa picha nzima kwa kanuni moja, unaonyesha kilichopimwa. Kuchora mkono pasipo nuru ni jambo jingine. Programu za akili bandia zinazonoa picha nazo zinahitaji tahadhari, maana zinaweza kubuni nyuzi za vumbi ambazo kamera haikuziona.

Rangi nazo zinasema kweli, hata kama wengi huzikoleza. Buluu ya mikono hutoka kwa nyota changa zenye joto kali. Kitovu ni cha manjano kwa sababu kimejaa nyota kongwe. Yale madoa ya waridi ni mawingu ya haidrojeni ambamo nyota zinazaliwa, yaking'aa kwa nuru nyekundu ya nanomita 656.3, na mistari ya kahawia ni vumbi.

Thamani ya kukusanya nuru namna hii haiishii kwenye uzuri. Tarehe 20 Septemba 2016, huko Rosario nchini Argentina, Víctor Buso alikuwa akijaribu kamera mpya kwa kupiga mfululizo wa picha fupi za galaksi NGC 613. Katikati ya mfululizo, nyota ambayo haikuwapo ilianza kuonekana na kung'aa zaidi picha kwa picha. Alikuwa amenasa supanova, yaani mlipuko wa nyota, katika dakika zake za kwanza kabisa, na utafiti uliotokana na picha hizo ulichapishwa katika jarida la kisayansi la Nature mwaka 2018. Na Andromeda, ambayo imepigwa picha pengine kuliko galaksi nyingine yoyote, ilikuwa na siri pembeni yake. Mwaka 2023 wapenzi wa anga Marcel Drechsler, Xavier Strottner na Yann Sainty, wakishirikiana na wanasayansi, walitangaza tao kubwa la gesi ya oksijeni ambalo hakuna aliyeliona kabla. Waliligundua kwenye data ya zaidi ya saa 100 za kukusanya nuru, nyingine ikiwa imepitishwa kwenye chujio linaloruhusu nuru ya oksijeni pekee, na wapiga picha wengine wakalithibitisha kwa darubini na kamera tofauti.