Finland na Sweden hazikuacha kutoegemea upande mwaka 2022

Nimeisikia tena, safari hii redioni asubuhi. Mgeni studio anasema Finland na Sweden hazikuwa na upande kwa miaka 200 mpaka Marekani ilipozivuta kuingia NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Mtangazaji anaitikia "naam, naam". Msikilizaji wa Tabata anapiga simu kuongezea kwamba zililazimishwa. Nafundisha siasa za usalama za Ulaya, na sentensi hii nakutana nayo kila msimu wa mitihani. Huwa naikata kwa wino mwekundu bila kueleza. Leo naeleza.

Hiyo miaka 200 tuimalize haraka. Ni ya Sweden peke yake, inayohesabu tangu vita vyake vya mwisho, dhidi ya Norway mwaka 1814. Finland yenyewe imepata uhuru Desemba 1917, na haikukaa sana kabla ya kupigana na Wasovieti mara mbili: 1939 hadi 1940, kisha 1941 hadi 1944, safari hiyo ya pili ikiwa bega kwa bega na Ujerumani ya Hitler. Ikapoteza sehemu kubwa ya eneo lake la Karelia, na watu zaidi ya 400,000 wakafungasha virago kuhamia ndani. Baada ya hapo ikatia saini mkataba wa 1948 na Moscow, uliosema kwamba Ujerumani au washirika wake wakijaribu kupitia Finland kuwashambulia Wasovieti, Finland itapigana, na ikibidi kwa msaada wa Wasovieti. Rasi ya Porkkala, pua na mdomo na Helsinki, ilikuwa kambi ya kijeshi ya Wasovieti hadi 1956. Mtu anayeita hali hiyo chaguo la wapenda amani sijui anasoma ramani gani. Finland ilikaa kimya kwa sababu ilikuwa imebanwa, na ikajifunza kuishi vizuri ndani ya mbano huo.

Jambo jingine la haraka: Norway, Denmark na Iceland, nazo nchi za Nordic, yaani za kaskazini mwa Ulaya, ni waanzilishi wa NATO tangu 1949. Kwa hiyo "nchi za Nordic zimeacha msimamo wao" ni sentensi yenye makosa hata kabla hujafika kwenye kitenzi.

Sasa kinachoniudhi hasa. Watu wanadhani mpaka Februari 2022 nchi hizi mbili zilikuwa hazina upande, kisha asubuhi moja zikageuka. Ukweli ni kwamba upande zilikuwa nao zamani. Kilichokosekana ni dhamana ya kulindwa zikishambuliwa.

Anza na Sweden, bingwa wa hadithi hii. Juni 13, 1952, ndege ya kijeshi ya Sweden aina ya DC-3 iliondoka Stockholm na watu 8 kuelekea juu ya bahari ya Baltiki. Haikurudi. Serikali ikasema ilikuwa kwenye safari ya mafunzo. Siku tatu baadaye, ndege nyingine iliyokuwa ikiitafuta ikatunguliwa na Wasovieti. Familia za wale 8 zilikaa takriban miaka arobaini bila kuambiwa kazi halisi ya waume na baba zao. Kazi ilikuwa kunasa mawimbi ya rada za Wasovieti, na taarifa zilizopatikana kwa njia hiyo zilikuwa zikifika kwa Wamarekani na Waingereza. Mabaki yalipatikana chini ya bahari mwaka 2003, na leo yanaonyeshwa kwenye jumba la makumbusho ya jeshi la anga huko Linköping, vipande vya bati vilivyotobolewa kwa risasi. Mwaka 1994 tume ya serikali ya Sweden yenyewe ilitoa ripoti kuthibitisha kwamba katika Vita Baridi yalikuwepo maandalizi ya siri ya kupokea msaada wa kijeshi kutoka Magharibi. Hadharani Stockholm ilizikaripia Washington na Moscow kwa sauti moja. Chini ya meza mkono mmoja ulikuwa umeshashikana na wa Magharibi.

Je, kulikuwa na sheria ya kuvunja? Hapana. Austria ina sheria ya kikatiba ya mwaka 1955. Uswisi inatambuliwa na mataifa tangu 1815. Sweden na Finland hazikuwa na kitu cha namna hiyo. Ulikuwa msimamo wa serikali, na msimamo wa serikali hubadilishwa na serikali.

Kisha Januari 1, 1995, zote mbili zikaingia Umoja wa Ulaya. Hapa ndipo mimi naweka kaburi la kutoegemea upande, na wenzangu wengi kwenye fani hawatabisha sana. Huwezi kuwa kwenye umoja wenye sera moja ya nje na vikwazo vya pamoja, na tangu 2009 wenye kifungu cha 42(7) kinachokutaka umsaidie mwanachama aliyeshambuliwa, kisha ukadai huna upande. Kuanzia hapo Helsinki na Stockholm zikawa zinajieleza kwa uangalifu: hatumo kwenye muungano wa kijeshi. Basi. Mwaka 2009 Sweden ikaenda mbali zaidi, ikatangaza kwamba haitakaa kimya nchi ya Nordic au ya Umoja wa Ulaya ikishambuliwa.

Na vitendo vikafuata. Askari wa nchi zote mbili walikuwa Afghanistan chini ya NATO. Mwaka 2011 ndege za Gripen za Sweden ziliruka juu ya Libya katika operesheni ya NATO, jambo ambalo msikilizaji wa Tabata, ambaye bila shaka ana maoni makali kuhusu Libya, hakulitaja. Mwaka 2014 nchi zote mbili zikatia saini makubaliano ya kuyapokea majeshi ya NATO kwenye ardhi yao. Finland iliamua kununua ndege 64 za Hornet za Kimarekani tangu 1992, na Desemba 2021, miezi miwili kabla ya uvamizi wa Ukraine, ikachagua 64 za F-35 kuzirithi.

(Pembeni kidogo: bunduki ya askari wa miguu wa Finland, RK 62, inatokana na AK ya Kisovieti na inakula risasi ileile ya 7.62×39 tunayoifahamu huku. Wanafunzi hupenda kunitolea mfano huo kuonyesha kwamba Finland ilikuwa "katikati". Risasi haikuambii upande wa mtu. Tazama redio, rada, na nani anaongea na nani angani.)

Hali yao ilikuwa ya mchezaji anayefanya mazoezi na Yanga kila asubuhi, anajua mfumo wa kocha, anavaa jezi, lakini jina lake halipo kwenye usajili. Siku ya mechi yuko jukwaani. Ukraine ilikuwa jukwaani pia, na dunia nzima iliona.

Na suala la kulazimishwa. Finland ilikuwa na kitu ilichokiita chaguo la NATO: hatujiungi, lakini tukitaka tutaomba, na Moscow ijue hivyo. Kadi hiyo ina thamani ikiwa mkononi tu. Desemba 17, 2021, Urusi ilichapisha rasimu za mikataba ikitaka NATO iahidi kutopokea tena mwanachama yeyote. Yeyote, siyo Ukraine pekee. Yaani kadi ya Finland ingechanwa bila Finland kuulizwa. Katika hotuba ya mwaka mpya, Januari 1, 2022, Rais Sauli Niinistö alikumbusha kwamba uhuru wa Finland wa kuchagua unajumuisha kuomba uanachama. Hapo hata kifaru kimoja cha uvamizi wa Februari kilikuwa hakijavuka kuingia Ukraine. Mimi naipa rasimu ile uzito kuliko vitabu vingi vinavyoupa.

Baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 24 mambo yalikwenda mbio. Kura za maoni za shirika la utangazaji la Finland, Yle, zilionyesha 53% wakiunga mkono kujiunga na NATO mwishoni mwa Februari na 76% mwezi Mei, wakati kwa miaka mingi waliounga mkono walikuwa kama robo tu. Bunge la Finland likapiga kura 188 dhidi ya 8. Barua za maombi zikapelekwa Brussels Mei 18, nchi mbili kwa pamoja.

Hapa nina shaka ambayo siioni ikitajwa vya kutosha. Simulizi rasmi ni kwamba wananchi waliwasukuma viongozi. Inawezekana. Lakini wananchi wa Finland husikiliza viongozi wao sana kwenye mambo ya usalama, na viongozi walikuwa wameanza kutoa ishara mapema. Nani alimvuta nani? Nimesoma takwimu kutoka pande zote na bado siwezi kuapa. Kuhusu Sweden sina shaka hata kidogo: ingeachwa peke yake isingeomba mwaka ule. Waziri wa Ulinzi Peter Hultqvist alikuwa ameuhakikishia mkutano wa chama chake Novemba 2021 kwamba yeye hatashiriki mchakato wa kujiunga na NATO. Machi 8, 2022, Waziri Mkuu Magdalena Andersson bado alikuwa akisema kuomba kungeyumbisha zaidi eneo hilo. Mei 15 chama chao kikageuka. Finland ilikuwa inaondoka, na Sweden ikiwa nje peke yake mipango yote ya ulinzi waliyoijenga pamoja ingekosa mguu.

Uturuki na Hungaria, zilizochelewesha kuidhinisha maombi hayo, nitazipita: madai kuhusu Wakurdi, Kurani kuchomwa Stockholm, ndege za F-16, Budapest kuvuta miguu. Finland ikaingia Aprili 4, 2023, Sweden Machi 7, 2024. Muungano unaodaiwa kuwakokota watu uliwaweka Waswidi mlangoni karibu miaka miwili.

Nafahamu kwa nini jambo hili linauma hapa Dar es Salaam. Ureno ilikuwa mwanachama mwanzilishi wa NATO wakati ikiwapiga wapigania uhuru wa FRELIMO huko Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, na Sweden ikawapa FRELIMO msaada wa kibinadamu moja kwa moja. Wazee wetu hawajasahau, na hawapaswi. Lakini Norway, mwanachama wa NATO, nayo iliwasaidia wapigania uhuru, na Aprili 1973 mkutano wa Umoja wa Mataifa na OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) dhidi ya ukoloni na ubaguzi wa rangi ulifanyika Oslo. Kadi ya NATO haikuizuia. Na nchi hizi mbili hazikuwahi kuwa wanachama wa harakati yetu ya kutofungamana na upande wowote. Tuliwapa undugu ambao wao hawakuusajili.

Kama unataka kuwakosoa, na sababu zipo, kuna mahali pazuri pa kuanzia. Uamuzi wa Mei 15 wa chama cha Andersson uliitaka Sweden itangaze yenyewe kwamba haitaki silaha za nyuklia wala kambi za kudumu, kama walivyofanya majirani zao Norway na Denmark. Septemba uchaguzi ukaleta serikali ya Ulf Kristersson, na tangazo hilo likawekwa kando. Desemba 2023 Sweden ikatia saini mkataba wa ulinzi na Marekani unaoipa nafasi kwenye maeneo 17 ya kijeshi. Finland ikafuata mwezi huohuo na maeneo 15. Mkataba wa Sweden haukatazi nyuklia kwa maandishi. Serikali inasema haina haja, kwa kuwa msimamo wake unajulikana. Baada ya kueleza hadithi ya DC-3, mimi ningetaka maandishi.